Vazi la Maiti

Kitabu chenyewe nilikitwaa kwa ajili ya picha zake, nacho ni hadithi ya wapiga panga wa Kijapani iliyofasiriwa kwa Kiingereza. Lakini kilichonikosesha raha ni nguo, kwa kuwa kila aliye hai humo amevikwa kama maiti. Kwa Wajapani, ubavu wa kushoto wa kimono hulazwa juu ya ule wa kulia, na kinyume chake huvishwa marehemu peke yake.

Taksiri ni ya kioo. Manga, yaani vibonzo vya Kijapani, husomwa kuanzia kulia, kama juzuu tulizozishika chuoni, na wachapaji wa Marekani wa miaka ya 1980, wakichelea kumtatiza msomaji wao, walizigeuza kurasa ubavu kwa ubavu. Papo hapo panga zikahamia kiuno cha kulia, na mashujaa wote wakawa mashoto.

Toren Smith, Mkanada aliyeianzisha Studio Proteus, kampuni ya kufasiri manga, mwaka 1986, hakuionea haya kazi hiyo, bali aliitetea: kitabu kinachofunguliwa kinyume, kwa rai yake, kingeishia mikononi mwa mashabiki wachache, ilhali yeye alimtaka msomaji wa kawaida. Wala hakuwa mvivu. Mchoraji Hiroaki Samura alipokataa manga yake Blade of the Immortal isipitishwe kiooni, maana shujaa wake huvaa mgongoni alama ya Kibudha ambayo ikigeuzwa huwa ile ya Wanazi, Smith na wenzake walizikata kurasa picha kwa picha, wakazipanga upya kutoka kushoto kwenda kulia kama mshona viraka, mapengo wakayaziba kwa mkono. Subira ya namna hiyo naistahi.

Mwaka 2002 kampuni ya uchapishaji ya Tokyopop ikatangaza kuwa vitabu vyake vitabaki vilivyo, kwa bei ya dola 10 hivi, na mahali Mmarekani anapodhani ndipo mwanzo pakawekwa ukurasa wa kumwonya kwamba ameanzia mwisho. Wakauita huo ndio uhalisi. Waama, kutogeuza kurasa kulipunguza pia gharama. Vijana, wasichana wengi miongoni mwao, walinunua bila kusitasita.

Smith aliiuza kazi yake kwa wachapaji wa Dark Horse mwaka 2004, akafariki mwaka 2013. Je, yule msomaji wa kawaida aliyekatiwa kurasa zote zile, alipokikuta kitabu kimegeuka, alikigeuza naye, au alikirudisha rafuni?