Karatasi Inayomsubiri Mwenyewe

Inver Grove Heights, mji wa watu 35,000 na ushei ulioko kusini mwa Saint Paul, jimboni Minnesota, Marekani, kandokando ya mto Mississippi, hauna steshenari kila kona kama Kariakoo. Anayetaka kuchapa fomu ya uraia au mkataba wa nyumba, na kwake hana printa, anaweza kwenda maktaba ya umma ya Inver Glen, mojawapo ya maktaba za Dakota County. Na wasio na printa ni wengi, hata Marekani. Wino wa printa ndogo hukauka kabla haujaisha, na katriji mpya mara nyingine hukaribia bei ya mashine yenyewe.

Katika maktaba nyingi za nchi hiyo siku hizi, faili unaweza kulituma kwa simu ukiwa bado sebuleni. Halichapwi papo hapo. Linakwenda kwenye seva, linapangwa foleni, linakaa humo mpaka ufike mwenyewe, uingize namba ya kadi yako, ulipe senti zako, ndipo karatasi itoke. Usipotokea, baada ya muda kazi yako hufutwa.

Mafundi wakieleza namna ya kuunganisha printa moja na kompyuta nyingi, huanza na waya, ruta na draiva. Hayo yana majibu. Mimi kinachonishughulisha ni kile kipindi kati ya kubonyeza na kupokea: hati yako iko mikononi mwa nani, na utajuaje kama imetoka?

Swali hilo, linalozuka kila wengi wanapochangia printa moja, ni la zamani kuliko intaneti tunayoijua. Mwaka 1971 Gary Starkweather aliunda printa ya leza katika kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox huko Palo Alto, California. Printa ya leza iliyotumika kituoni hapo ilitoa takriban ukurasa mmoja kwa sekunde, na hapakuwa na namna ya kumpa kila mtafiti ya kwake. Kompyuta, kwa upande mwingine, Xerox ilitaka kila mtafiti awe nayo mezani. Zote zingeifikiaje mashine moja? Mei 1973 Bob Metcalfe, mtafiti wa kituo hicho, aliandika waraka wa kupendekeza mtandao aliouita Ethernet, kisha akaujenga pamoja na mwenzake David Boggs. Kasi yake ilikuwa megabiti 2.94 kwa sekunde. Kwa hiyo vile vitundu vya kebo nyuma ya ruta yako, kwa sehemu kubwa, chimbuko lake ni watu waliotaka kuchangia printa.

Kisa kingine ni cha chuo cha MIT, takriban mwaka 1980, maabara ya akili mnemba ilipopewa printa mpya na Xerox. Printa ilikaa ghorofa nyingine. Mtu anatuma kazi, anasubiri, anapanda na kushuka ngazi, anakuta karatasi imekwama kitambo na kazi za wenzake zimerundikana nyuma yake. Kwenye printa ya awali, Richard Stallman, mtunzi wa programu hapo, alikuwa ameongeza utaratibu mdogo: mashine ikikwama, wote walio kwenye foleni wanapata ujumbe kwenye skrini, na aliye karibu anakwenda kuikwamua. Kwa mashine mpya hakupata msimbo wa programu yake. Mtafiti wa chuo kingine aliyekuwa nao alikataa kumpa, kwa kuwa alikwisha kuahidi kutunza siri. Kero hiyo ilichangia Stallman kutangaza mradi wa GNU, wa programu huria ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote, Septemba 1983. Programu huria zinazoendesha seva nyingi za dunia leo zina deni kwa karatasi iliyokwama, jambo ambalo bado linanichekesha.

Kwetu Afrika Mashariki, printa moja ya steshenari huweza kuhudumia mtaa mzima, ila njia ya kuifikia ni nyingine: zamani flashi yenye virusi, sasa WhatsApp. "Nitumie kwa namba hii, kaka." Unatuma cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, barua ya ajira. Karatasi zinatoka, unalipa, unaondoka. Nakala zinabaki kwenye simu ya kijana wa dukani na kwenye kompyuta ya kaunta. Wengi ni vijana waaminifu, lakini simu huibwa.

Mwenye duka hahitaji bajeti ya Dakota County kurekebisha hili. Kompyuta kuukuu yenye Linux na CUPS, programu ya bure ambayo Michael Sweet alianza kuitunga mwishoni mwa miaka ya 1990, inatosha kusimamia foleni. Mteja akiunganishwa na Wi-Fi ya dukani, simu yake mara nyingi itaiona printa bila draiva yoyote, maana vifaa vya sasa huelewana kwa itifaki ya IPP. Kazi inaweza kuzuiwa mpaka mwenyewe asimame kaunta. Ila CUPS ukiiacha ilivyo, kwa kawaida hutunza faili kwa siku nzima baada ya kulichapa. Mpangilio huo ubadilishwe. Pia printa ipewe anwani ya IP isiyobadilika. Malalamiko mengi ya "printa haionekani" huja baada ya umeme kukatika na kurudi, ruta ikaipa printa anwani mpya, huku kompyuta zikiendelea kuitafuta kwenye ile ya zamani.

Bado kuna mashine ya mtumba. Mashine nyingi kubwa za kopi zina diski ndani, na diski hiyo huweza kubaki na picha za kurasa zilizopita. Mwaka 2010 waandishi wa televisheni ya CBS ya Marekani walinunua mashine zilizotumika wakakuta humo hati za polisi na kumbukumbu za wagonjwa. Mwaka 2013 kampuni ya bima ya afya ya Affinity ilikubali kulipa zaidi ya dola milioni 1.2 kwa sababu ya mashine za kopi ilizokuwa imezikodi na kuzirudisha bila kufuta diski zake. Ukiletewa mashine kama hiyo kutoka kwenye kontena, muite fundi afute diski au aibadilishe kabla hujaichomeka kwenye mtandao wa duka.