Kila Samaki na Mahali Pake

Ziwa Tanganyika lina aina zaidi ya 200 za samaki wa familia ya sikilidi, ndugu wa sato na perege, na karibu zote hazipatikani kwingine duniani. Kwenye mwambao wa mawe wa Kigoma, aina nyingi huishi pamoja katika eneo dogo. Lakini ukizichota aina kumi kiholela na kuzitia kwenye tangi la kioo la lita 200, huenda baada ya wiki chache ukabaki na mbabe mmoja mwenye afya na wenzake waliochanika mapezi. Samaki ni wale wale. Kilichopungua ni nafasi ya kukimbilia.

Ziwani, samaki aliyeshindwa huogelea mita chache, akatoka kwenye himaya ya mwenziwe, na ugomvi ukaishia hapo. Tangini hana pa kwenda. Mshindi huendelea kumwona, hivyo huendelea kumpiga. Ndiyo maana swali linaloulizwa sana dukani, kama samaki fulani ni mpole au mkali, halisaidii sana. La kuuliza ni hili: anataka nini, na nani mwingine tangini anakitaka?

Maji kwanza

Maji ya Tanganyika ni magumu, yana madini mengi, na pH yake hukaribia 9. Joto linalofaa ni kati ya nyuzi 24 na 27. Kwa hiyo neoni tetra, aliyezoea maji laini yenye asidi ya bonde la Amazon, hana nafasi hapa hata angekuwa mpole kuliko wote. Samaki wa dhahabu naye hupenda maji ya baridi zaidi. Maji ya bomba yakiwa laini, mawe ya chokaa au mchanga wa matumbawe husaidia kupandisha ugumu na pH yake.

Jambo moja husahaulika: kadiri pH inavyopanda, ndivyo amonia itokayo kwenye kinyesi cha samaki inavyozidi kuwa sumu. Kosa dogo ambalo samaki wa maji laini wangelivumilia linaweza kuua hapa. Acha filta ifanye kazi wiki kadhaa, bakteria wanaovunja amonia wastawi, ndipo ununue samaki.

Juu, mawe na mchanga

Tazama tangi kwa tabaka. Juu, kwenye maji ya wazi, huishi Cyprichromis leptosoma, samaki mwembamba wa sentimita 10 hivi, aendaye kwa makundi akidonoa vijidudu vinavyoelea. Jike huatamia mayai mdomoni, hivyo hahitaji kipande cha ardhi cha kulinda. Samaki huyu huruka sana, kwa hiyo tangi lisikose mfuniko.

Kwenye mawe huishi Julidochromis, dume na jike, wakilinda ufa wao. Wakishapata ufa, hawana shida na anayepita juu.

Chini, kwenye mchanga, huishi Neolamprologus multifasciatus. Hazidi sentimita 5, naye ni miongoni mwa sikilidi wadogo kuliko wote duniani. Hukaa ndani ya makombe matupu ya konokono, hutagia humo, na huchimba mchanga kwa mdomo siku nzima. Udogo wake usikudanganye: mkono wako ukikaribia kombe lake, ataudonoa.

Hawa watatu huishi kama wapangaji wa ghorofa moja wanaokutana ngazini tu. Lakini mawe yakienea hadi kwenye makombe, mpaka hupotea na vita huanza. Acha uwanja wa mchanga mtupu katikati yao.

Tumbo na mdomo

Mahali pakishagawanywa, angalia chakula. Tropheus, anayependwa kwa rangi zake, hukwangua ukoga wa kijani juu ya mawe, na utumbo wake ni mrefu kwa ajili ya kusaga majani. Akila kila siku chakula kizito cha nyama wanachopewa wenzake, tumbo hufura, na ugonjwa huo unaweza kumaliza kundi zima. Tena ni mgomvi kwa jamaa zake, hivyo hufugwa wengi pamoja ili kipigo kisimwangukie mmoja. Anastahili tangi lake mwenyewe.

Kisha mdomo. Frontosa huuzwa akiwa na sentimita 5, mtoto mzuri mwenye mistari. Hukua polepole hadi kupita sentimita 30, na ziwani huwinda Cyprichromis alfajiri wakiwa bado wamezubaa. Ukiwaweka pamoja, hawatagombana miezi mingi. Halafu asubuhi moja utahesabu samaki na kukuta pengo. Pima samaki kwa ukubwa atakaofikia.

Ndugu wa karibu

Tropheus wa mwambao mmoja huwa na rangi tofauti na wa mwambao wa jirani, kwa sababu hawavuki kirahisi nyanda za mchanga na vilindi vilivyopo katikati. Tangini kizuizi hicho hakipo: watazaliana, na watoto watakuwa chotara wasio wa mwambao wowote. Chagua jamii moja tu, na kwa Julidochromis fanya vivyo hivyo.

Mpango mmoja unaofanya kazi

Chukua tangi lenye urefu wa sentimita 120. Panga mawe upande mmoja, makombe upande wa pili, angalau mawili kwa kila samaki. Anza na multifasciatus sita hadi wanane. Wakishajigawia makombe, ingiza Cyprichromis kumi au zaidi, madume wakiwa wachache kuliko majike. Julidochromis waje mwisho, kwa kuwa mlinzi wa ufa akitangulia huhesabu tangi zima kuwa lake. Kila kundi jipya likae kwanza peke yake kwenye chombo kingine wiki chache, lisilete ugonjwa.

Mpango huu ukifaulu, utazaa tatizo lake. Multifasciatus wazima huwavumilia watoto wao, kwa hiyo ukoo hupanuka kombe kwa kombe hadi kufika kwenye mawe. Hapo una njia mbili. Unaweza kuongeza Altolamprologus calvus mmoja, mwembamba wa kupenya nyufa, ambaye hula vifaranga. Au unaweza kutoa makombe pamoja na samaki waliomo, ukawapa mfugaji mwingine. Usiongeze makombe kwa kuwahurumia: idadi ya makombe ndiyo inayoamua ukubwa wa ukoo, na uwanja wa mchanga uliouacha katikati ndio unaolinda amani ya wote.