SHOKAPU SI PAMBO LA PIKIPIKI

Pikipiki imekuwa katika nchi yetu chombo cha kazi, kama jembe lilivyo kwa mkulima na nyavu kwa mvuvi. Tangu mwaka 2010, zilipotungwa kanuni za kutoa leseni kwa pikipiki na bajaji zinazochukua abiria, kazi ya bodaboda ni kazi halali, na maelfu ya vijana wetu hulisha jamaa zao kwa kazi hiyo. Mwenye kazi halali anastahili chombo salama, na abiria wake, awe mama mjamzito aendaye zahanati au mfanyakazi awahiye zamu kiwandani, anastahili kufika alikokusudia akiwa mzima.

Leo twataka kuzungumza juu ya kiungo kimoja cha chombo hicho ambacho wengi hukidharau, nacho ni shokapu, ambazo wengine huziita shokomzoba. Breki ikifa dereva hujua siku hiyo hiyo. Shokapu hufa polepole, na mwenyewe huzoea kuyumba hata akadhani kwamba ndivyo barabara ilivyo. Ikishakufa kabisa, huenda dukani kutafuta nyingine, na hapo ndipo hatari ya pili huanza, kwa sababu wengi huchagua kwa rangi, kwa mng'aro na kwa unafuu wa bei.

Yafaa kwanza tufahamu kazi yake. Shokapu ina watumishi wawili. Springi hubeba uzito, na mafuta yaliyo ndani ya silinda huituliza springi hiyo. Springi ikibonyea hutaka kurudi juu kwa nguvu, na ikiachwa peke yake itarukaruka kama mpira. Mafuta, yakilazimishwa kupita katika matundu madogo, huipunguza nguvu hiyo na kuigeuza kuwa joto. Mafuta yakivuja, gurudumu huruka kila lipitapo shimo, na tairi lisilogusa ardhi haliwezi kufunga breki wala kukata kona. Kwa hiyo shokapu ni ndugu wa breki, si mto wa kukalia.

Kuipima si kazi ngumu. Kandamiza tandiko kwa nguvu, kisha achia. Pikipiki ikirudi juu mara moja na kutulia, shokapu ingali hai. Ikipanda na kushuka mara mbili tatu, imekwisha. Tazama pia kama fimbo yake ina mafuta yaliyovuja, au kutu na vikwaruzo, maana fimbo yenye kutu huikata sili, na sili ikikatika mafuta hayakai.

Hatusemi kwamba kila spea isiyotoka kwa kiwanda kilichounda pikipiki ni mbovu. Ziko za viwanda vingine zilizo imara na za bei nafuu. Tunalosema ni kwamba zichaguliwe kwa kipimo.

Kipimo cha kwanza ni urefu. Pima kutoka katikati ya tundu la juu hadi katikati ya tundu la chini, na ile mpya iwe sawa na ile ya asili. Vijana wengi hupenda kuinua pikipiki nyuma ili ionekane ya fahari. Lakini ukiinua nyuma, uzito huelemea mbele, usukani huwa mwepesi kupita kiasi, mkazo wa cheni hubadilika, na stendi ya pembeni huwa fupi. Ukiishusha, tumbo la pikipiki hukaribia ardhi, na tairi huweza kugonga madigadi ukipakia mzigo. Matundu nayo yaingiane na bolti barabara, pamoja na bushi zake. Bolti inayocheza ndani ya tundu hulipanua kila siku, mpaka siku itakapokatika.

Kipimo cha pili ni nguvu ya springi. Wengi hudhani kwamba iliyo ngumu zaidi ndiyo imara zaidi. Sivyo. Springi ngumu mno haibonyei dereva akiwa peke yake, na kishindo chote hupita katika fremu na uti wa mgongo wake. Iliyo laini mno hugota mwisho kila shimo. Kwa kawaida, dereva akishakaa pamoja na mzigo wake wa kila siku, shokapu iwe imetumia kama robo hadi theluthi ya mwendo wake, ili ubaki mwendo wa kutosha kwa mashimo. Na ile pete ya kukazia springi huinua pikipiki tu. Haiongezi nguvu ya springi iliyo dhaifu. Tena hakuna shokapu iliyoundwa kwa ajili ya mshikaki wa abiria watatu, na anayeitafuta anatafuta msiba.

La tatu, pikipiki yenye shokapu mbili nyuma ibadilishwe zote mbili kwa pamoja, za aina moja, na pete zake zikazwe sawasawa. Upande mmoja ukiwa mgumu na mwingine laini, mkono ulioshika gurudumu hupindwa, na pikipiki huyumba katika mwendo.

La nne, jihadharini na udanganyifu. Ziko shokapu zilizopachikwa pembeni kichupa kama cha gesi, na ndani yake ni kitupu, kimewekwa kwa sura tu. Na zile zenye gesi ya kweli zisichomewe wala kufunguliwa ovyo, kwa kuwa zina shinikizo kubwa na zaweza kulipuka. Kuchomelea shokapu iliyokatika ni jambo la kukataza kabisa: moto huziua sili na kuilegeza springi. Za mbele nazo ziwekewe mafuta yake, kwa uzito na kiasi kinachoelezwa katika kitabu cha pikipiki, pande zote mbili sawa. Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini haina mahali humo.

Haya yote ni rahisi kuyasema, lakini nani alipe? Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Vijana wengi hawaendeshi pikipiki zao wenyewe. Kila jioni hupeleka hesabu kwa mwenye pikipiki, na chombo kikiharibika wengine huambiwa watengeneze kwa fedha zao, na hesabu ya siku hiyo isipungue. Kijana wa namna hii akinunua shokapu ya bei ya chini kabisa, tusimlaumu peke yake. Anayepokea faida ya chombo na kukataa gharama ya usalama wake anakula jasho na maisha ya mwenzake. Twasema wazi: spea za usalama, yaani breki, matairi na shokapu, ni juu ya mwenye mali, na jambo hilo liandikwe katika mkataba kabla kijana hajapewa funguo.

Wafanya biashara nao, kuanzia Gerezani hadi duka la mwisho kijijini, wakumbuke kwamba sheria zipo. Sheria ya Alama za Bidhaa ilitungwa mwaka 1963, taifa letu likiwa changa, na leo Tume ya Ushindani huitumia dhidi ya bidhaa bandia. Shirika la Viwango lipo tangu mwaka 1975. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa nayo yampa nguvu mnunuzi aliyemweleza muuzaji kazi ya kitu anachotaka na kuutegemea ujuzi wake. Basi, dereva, mweleze muuzaji aina ya pikipiki yako na mzigo uupakiao, dai risiti iliyoandika aina ya spea, na uitunze. Asiye na risiti ana maneno tu.

Mwisho, twawageukia viongozi wa vijiwe na vyama vya waendeshaji. Mtu mmoja akienda dukani ni mnyonge; ishirini wakienda pamoja wana sauti. Wekeni akiba ya spea, nunueni kwa jumla kutoka kwa muuzaji mmoja anayeaminika, na mteueni fundi mwenye kujua kupima, akague pikipiki zote za kijiwe kila mwezi. Wahenga walisema rahisi ghali, na tofauti ya bei kati ya shokapu njema na ile mbovu ni ndogo kuliko gharama ya kuuguza mguu uliovunjika, achilia mbali uhai wa abiria aliyepanda kwa kutuamini.