Kupokea malalamiko ya wateja kwa simu: kazi ikoje?

Je, unaongea Kiswahili vizuri, na unaweza kumsikiliza mtu mwenye hasira bila kumkatiza? Kazi ya mhudumu wa wateja kwa simu inaweza kukufaa.

Ni kazi gani?

Mjini Bujumbura, kampuni za simu kama Lumitel na Econet Leo zina wahudumu wanaopokea malalamiko ya wateja. Watu hutuma pesa kwa Lumicash na EcoCash, kwa hiyo kosa la tarakimu moja linaweza kumgharimu mtu kodi ya nyumba.

Lugha yako ni mali

Kirundi na Kifaransa vinahitajika sana. Lakini Kiswahili ndicho lugha ya kila siku kwa wakazi wengi wa Buyenzi na kwa watu wengi wanaotoka Uvira. Mtu aliyepoteza pesa hujieleza vizuri zaidi kwa lugha aliyoizoea.

Mfano: pesa imeenda kwa namba nyingine

Mama mmoja anapiga simu akilia. Ametuma faranga 60,000 za kodi kwa namba isiyo sahihi. Kwa kawaida utafanya hivi:

1. Mwache amalize kueleza. Kisha sema: "Pole mama, nimekusikia. Naomba nikuulize machache."
2. Hakikisha laini ni yake kwa jina na kitambulisho. Usimwombe kamwe namba ya siri.
3. Andika namba ya muamala, kiasi, saa, namba aliyokusudia na namba iliyopokea.
4. Kama pesa bado ipo, peleka ombi izuiwe haraka. Aliyepokea naye ataulizwa.
5. Kama imeshatolewa, mwambie ukweli. Usimwahidi jambo lisilo katika uwezo wako.

Kwa nini usirudishe pesa papo hapo?

Kwa sababu umesikia upande mmoja tu. Kuna watu wanaolipia mchele dukani, wanauchukua, halafu wanapiga simu wakidai wamekosea namba. Ukirudisha pesa bila kuuliza, utakuwa umemwibia mwenye duka. Mama anayelia anastahili haki, na yule asiyekuwepo kwenye simu pia.

Mteja asiporidhika

Mpe namba ya lalamiko lake na umweleze hatua inayofuata: kwenda ofisi ya kampuni akiwa na kitambulisho na ujumbe wa muamala. Kampuni za simu husimamiwa na ARCT. Pia kuna ABUCO, chama kinachotetea watumiaji wa bidhaa na huduma nchini Burundi.

Kabla hujaomba kazi

- Jizoeze kuandika haraka kwenye kompyuta huku ukisikiliza.
- Uliza kuhusu zamu za usiku na usafiri wa kurudi nyumbani.
- Omba mkataba wa maandishi, na usimlipe mtu yeyote ili upate kazi.
- Kama wewe ni mkimbizi, uliza ONPRA, ofisi ya serikali inayoshughulikia wakimbizi, ni hati gani unahitaji ili kufanya kazi.

Na kama wewe ndiye mteja?

Soma jina la mpokeaji kabla ya kuthibitisha. Ukikosea, piga simu mara moja, kwa sababu pesa ikishatolewa ni vigumu kuirudisha. Usifute ujumbe wa muamala. Na mtu akikupigia akisema ni mhudumu, kisha akaomba namba yako ya siri, kata simu.