Nyumba za Kale: Kagua Paa Kabla ya Kuuliza Bei

NAMTUMBO – Msimu ukienda vizuri, fedha za tumbaku, ufuta na mahindi hugeuka tofali na mabati. Mwenye mtaji mkubwa zaidi huenda akavutiwa na nyumba za kale za Mji Mkongwe, Zanzibar. Kabla ya kufika huko, ni vema ajue anachonunua.

Mfano mzuri ni jengo la Zahanati ya Zamani, karibu na bandari. Mfanyabiashara tajiri, Tharia Topan, aliliwekea jiwe la msingi mwaka 1887. Alifariki mwaka 1891, na kazi ikamalizika 1894. Roshani zake za mbao zenye nakshi ndizo humvutia mpita njia, lakini gharama ya nyumba za aina hii imejificha kwingine.

Kuta za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Sakafu hubebwa na boriti za mikoko, na ndiyo sababu vyumba vingi ni virefu lakini vyembamba: upana hufuata urefu wa boriti. Paa likivuja, maji huteremka ukutani, ncha za boriti huoza, na sakafu hulegea.

Hapo wengi hukimbilia saruji kwa kuwa inapatikana kila duka. Ni hasara. Lipu ya saruji hufungia unyevu ndani ya ukuta, chumvi hupanda, na baada ya muda lipu hubanduka. Chokaa huchukua muda mrefu kukauka, lakini huuacha ukuta upumue.

Hata jengo kubwa halisalimiki. Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883, liliporomoka sehemu Desemba 25, 2020 likiwa katika ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha.

Mnunuzi akumbuke pia kuwa Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000. Mwenye nyumba hawezi kubomoa au kubadili sura yake bila kibali cha mamlaka ya hifadhi, hivyo muda wa kusubiri nao uingizwe katika hesabu.

Kwa mwenye nyumba ya tofali za kuchoma Namtumbo, somo ni hilo hilo: paa, mifereji na msingi kwanza, rangi baadaye. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na bei ya ukuta haijawahi kulingana na ya ufa.