Mama mfanyakazi anavyopanga safari za familia bila kukopa

NI Jumapili, saa 11:00 alfajiri. Katika nyumba moja ya kupanga eneo la Tabata, Dar es Salaam, taa ya jikoni inawaka. Chapati zimeshafungwa, mayai yamechemka na chupa za maji zimepangwa kwenye kikapu. Watoto watatu, ambao siku za shule huamshwa kwa kelele, leo wameamka wenyewe na kuvaa viatu.

Wanakwenda Morogoro kwa treni ya umeme na watarudi jioni ya siku hiyo hiyo. Kesho yake, saa 2:00 asubuhi, mama yao atakuwa mezani kwake kama kawaida.

Mama huyo, ambaye hakupenda jina lake liandikwe gazetini, ni mhasibu katika kampuni ya mjini. Anafanya kazi siku sita kwa wiki, Jumamosi akitoka saa 7:00 mchana. Mumewe ni dereva wa lori la mizigo kati ya Dar es Salaam na Tunduma, na huwa nyumbani mara mbili kwa mwezi. Mzigo wa nyumba, shule na mapumziko ya watoto umemwangukia yeye, akisaidiwa na binti wa kaka yake mwenye umri wa miaka 20.

Kwa wengi, familia ya namna hii haina nafasi ya kutembea. Hata hivyo, yeye na watoto wake hutoka walau mara moja kwa mwezi, na kila baada ya miezi mitatu hufunga safari kubwa nje ya jiji. Anasema kuwa siri yake si mshahara mnono. Ni somo alilolipata kwa gharama kubwa.

Safari iliyomrudisha mtoto nyumbani

Desemba 2022, mumewe akiwa likizo, familia hiyo iliamua kwenda Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1964, ina ukubwa wa kilomita za mraba 3,230, na iko takriban kilomita 280 kutoka Dar es Salaam. Walikodi gari kwa siku mbili, wakalala nje ya hifadhi, wakawaona tembo, twiga, nyati na viboko.

Baba wa watoto hao hupita katikati ya hifadhi hiyo mara kwa mara akiwa kwenye lori, kwa kuwa barabara kuu ya kwenda Zambia inaikata. Lakini ilikuwa mara yake ya kwanza kusimama na kuitazama akiwa na wanawe.

Furaha ilikuwa kubwa, lakini fedha hazikuwa zao. Mama huyo alikuwa amekopa Sh800,000 kwenye kikoba, akitakiwa kurejesha Sh880,000 kwa miezi minne, yaani Sh220,000 kila mwezi. Rejesho la kwanza liliangukia Januari, mwezi wa ada, sare na madaftari.

Alilipa rejesho ili asiaibike mbele ya wenzake, ada ikapungua. Mtoto wake wa kwanza, wakati huo akiwa na umri wa miaka minane, alirudishwa nyumbani na kukaa wiki nzima. Mama huyo anakumbuka kuwa mtoto hakulalamika. Alimuuliza tu kama ni kwa sababu walikwenda kuwaona tembo.

Swali hilo ndilo lililombadilisha. Aliapa kwamba watoto wake hawatafukuzwa tena shule kwa sababu ya matembezi, lakini pia kwamba hawatakua wakijua njia ya shule na ya nyumbani peke yake.

Muda na fedha havikutani

Alipokaa chini na kalenda, aligundua kuwa tatizo lake lilikuwa la tarehe zaidi kuliko la kiasi.

Mwanzoni mwa mwezi, mshahara ukiwa mfukoni, mhasibu hana nafasi. Kodi ya mishahara ya wafanyakazi inapaswa kuwasilishwa ifikapo tarehe saba, na marejesho ya Kodi ya Ongezeko la Thamani hukamilishwa ifikapo tarehe 20. Mwisho wa mwezi kuna kufunga hesabu. Hivyo siku anazoweza kupumua ni chache, kuanzia tarehe 21 hadi 27 hivi.

Lakini hizo ndizo siku ambazo mfuko umetoboka. Mshahara wa mwezi uliopita umekwisha na mwingine haujaingia. Ndiyo maana, anaeleza, watu wengi wa aina yake hukaa nyumbani wakati wana nafasi, kisha hukopa sikukuu zinapofika.

Dawa aliyoipata ni kibubu. Kila siku ya kazi anaporudi nyumbani huweka Sh3,000 kabla ya kuvua viatu. Kwa wiki ya siku sita hiyo ni Sh18,000, na kwa wiki 12 ni Sh216,000. Fedha hizo hazichanganywi na za kikoba, ada wala chakula. Mtoto akiumwa kuna akiba nyingine, na kibubu hakiguswi.

Kwa maelezo yake, kazi ya kibubu ni kubeba fedha za tarehe mbili na kuzifikisha tarehe 22.

Hesabu ya Morogoro

Treni ya abiria ya reli ya kisasa ilianza kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, na kufika Dodoma mwezi uliofuata. Safari ya Morogoro, ambayo kwa basi humaliza saa nyingi hasa pakiwa na foleni, kwa treni huchukua chini ya saa mbili. Kwa mama mwenye siku moja tu ya mapumziko, hilo lilifungua mlango.

Wakati huduma hiyo inaanza, nauli ya daraja la kawaida hadi Morogoro ilikuwa Sh13,000 kwa mtu mzima. Watoto wa miaka minne hadi 12 walilipa nusu, na walio chini ya miaka minne hawakulipa. Kwa viwango hivyo, yeye na binti wa kaka yake ni Sh26,000, watoto wawili wakubwa Sh13,000, na wa mwisho, mwenye miaka mitatu, ni bure. Jumla ni Sh39,000 kwenda, na Sh78,000 kwenda na kurudi.

Kiasi kinachobaki hukigawa hivi: usafiri wa ndani ya Morogoro Sh30,000, chakula cha mchana Sh40,000, mboga na matunda ya kurudi nayo Sh30,000, na dharura Sh38,000. Fedha ya dharura isipotumika hurudi kwenye kibubu na kuwa mtaji wa safari inayofuata.

Hesabu hizo huandikwa kwenye daftari na mtoto wake wa kwanza, sasa akiwa na umri wa miaka 11. Yeye ndiye anayeshika daftari njiani na kumkumbusha mama yake kiasi kilichobaki. Mama huyo anasema kuwa tangu mtoto aanze kuandika, maombi ya soda na biskuti kila kituo yamepungua yenyewe.

Shamba kama darasa

Huko Morogoro hawaendi hotelini. Kwanza hupita Soko Kuu la Chifu Kingalu, kisha hupanda kuelekea miteremko ya Milima ya Uluguru, ambako wamezoeana na mkulima mmoja wa ndizi, mboga na viungo.

Mkulima huyo huwatembeza watoto shambani, huwaonyesha mdalasini unavyobanduliwa na pilipili manga inavyotambaa kwenye mti. Mtoto wa pili, mwenye miaka minane, alikuwa akiamini kuwa pilipili manga hutengenezwa kiwandani kama pipi. Watoto huchuma wenyewe, mzani hupimwa mbele yao, na mama hulipa bei ya shambani pamoja na ahsante ya kutembezwa.

Kwa mkulima, hayo ni mapato ambayo hayakuwepo. Hakusafirisha mzigo, hakumlipa dalali, na mteja amefika shambani kwa miguu yake. Wakulima walio karibu na miji na stesheni wangeweza kuitazama fursa hii kwa makini, kwani familia za mjini hulipia kitu ambacho mkulima hukiona cha kawaida: kuona chakula kikiwa bado ardhini.

Somo jingine huko ni la maji. Mto Ruvu, unaolisha mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini inayotegemewa na Dar es Salaam, unapata maji yake kutoka Milima ya Uluguru. Mwaka 2022, ukame ulipopunguza maji ya mto huo, jiji liliingia kwenye mgao na watoto hao walibeba ndoo kama wengine. Walipouona mlima wenyewe, anasema mama yao, walielewa kwa nini msitu ukikatwa Uluguru bomba hukauka Tabata.

Matembezi ya karibu

Miezi isiyo ya safari kubwa, familia hiyo hubaki karibu na jiji, mara nyingi mchana wa Jumamosi. Kijiji cha Makumbusho kina nyumba za asili za makabila mbalimbali, na watoto hushindana kutafuta nyumba ya kabila la babu yao. Kwa wanaopenda miti na mapango yenye popo, kuna msitu wa Pugu na Kazimzumbwi upande wa Kisarawe.

Wakipata Jumapili nzima huenda Bagamoyo, takriban kilomita 70 kutoka Dar es Salaam. Mji huo ulikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka bara na makao makuu ya kwanza ya utawala wa Wajerumani kabla ya kuhamia Dar es Salaam mwaka 1891. Karibu nao kuna magofu ya Kaole, yenye msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya kale. Wakitaka bahari tu, kuna boti za kwenda kisiwa cha Mbudya kutoka Kunduchi.

Wanachotafuta akina mama

Mama huyo ana ushauri kwa wafanyabiashara wanaolenga familia kama yake. Anasema mama mwenye watoto hachagui mgahawa kwa muziki. Kwanza huuliza choo, pili maji ya kunawa, tatu bei. Mama lishe anayewahudumia Morogoro hana jengo la kifahari, lakini choo chake ni safi, bei zimeandikwa ukutani na mtoto huuziwa sahani ndogo kwa bei ya nusu. Kila wakienda huko, hula hapo hapo.

Anaongeza kuwa kinachofukuza familia ni bei inayobadilika baada ya muuzaji kuona watoto wamevaa vizuri. Faida ya siku moja humpotezea muuzaji mteja wa miaka kumi.

Kwa akina mama wenzake, anashauri mambo machache. Tiketi ikatwe mapema, hasa karibu na sikukuu, na vitambulisho vibebwe. Wanaokwenda hifadhi za taifa wakumbuke kuwa raia hutozwa kiingilio cha chini kuliko wageni, hivyo kitambulisho ni fedha. Chakula cha asubuhi kitoke nyumbani. Na safari iwe fupi kuliko nguvu za mtoto mdogo kuliko wote, kwani yeye ndiye anayeamua kama siku itaisha kwa furaha au kwa kilio.

Wapo wanaomwambia kuwa Sh216,000 zingenunua mifuko ya saruji. Hakatai. Kiwanja chake cha Chanika bado kina msingi tu. Anachojibu ni kuwa saruji ina mfuko wake kwenye bajeti, na kwamba nyumba itakapokamilika watoto watakuwa wameshakua. Matembezi hayo hayawezi kusubiri.

Jioni, treni inaporejea Dar es Salaam, watoto wawili wamelala na kikapu kimejaa ndizi. Mtoto wa kwanza bado yuko macho na daftari lake. Dharura imetumika Sh6,000 tu, kwa bajaji ya ziada mvua iliponyesha, hivyo Sh32,000 zinarudi kwenye kibubu.

Chini ya hesabu hiyo ameandika safari anayoitaka: Mikumi, pamoja na baba. Mama yake ameipigia mahesabu na kumwambia kuwa kwa Sh3,000 kwa siku itawachukua karibu mwaka mzima, bila safari nyingine kubwa katikati. Mtoto amekubali kusubiri.