Mmea wa Galega na Mwendo wa Miguu: Tiba Mbili za Kisukari Katika Mizani Moja

Tangu kale binadamu ametafuta nafuu ya maradhi yake katika vitu viwili vilivyo karibu naye: mimea inayomzunguka, na viungo vya mwili wake mwenyewe. Bibi huchemsha majani ya mwarobaini kwa ajili ya mjukuu mwenye homa. Mzee aliyepooza upande mmoja hukandwa, hunyoshwa viungo, kisha hufundishwa kutembea upya hatua kwa hatua. Hekima hii ni urithi mkubwa, na si haki kuidharau. Hata hivyo urithi peke yake hautoshi kujibu maswali ya mgonjwa: Je, tiba hii itanifaa? Niitumie kwa kiasi gani? Ina madhara gani?

Kazi ya sayansi ni kuyajibu maswali hayo kwa kupima. Makala haya yanaeleza jinsi yalivyojibiwa kuhusu ugonjwa mmoja, yaani kisukari, ambapo dawa yenye asili ya mmea na mazoezi ya mwili viliwekwa katika mizani moja.

Kisukari ni nini?

Chakula cha wanga kama ugali, wali au muhogo kikishasagwa tumboni hugeuka kuwa sukari iitwayo glukosi, nayo huingia katika damu. Ili glukosi itoke katika damu na kuingia katika seli za misuli, mwili huhitaji insulini, kemikali inayotengenezwa na kongosho. Insulini pia huliamuru ini lipunguze kutoa sukari lililoiweka akiba.

Katika kisukari cha aina ya kwanza, kongosho hushindwa kutengeneza insulini, na mgonjwa hawezi kuishi bila kuchomwa sindano za insulini. Katika aina ya pili, ambayo ndiyo inayowapata watu wengi zaidi, insulini huwapo lakini seli haziitikii ipasavyo. Sukari hurundikana katika damu, mgonjwa huona kiu, hukojoa mara kwa mara na kuchoka. Jambo la hatari ni kwamba aina hii yaweza kukaa mwilini kwa miaka bila dalili yoyote, huku ikiharibu macho, figo, moyo na mishipa ya fahamu ya miguu.

Ugonjwa huu si wa mbali nasi. Uchunguzi uliofanywa katika vijiji sita vya Tanzania na kuchapishwa mwaka 1989 ulikuta kisukari kwa watu wasiofikia 1 katika kila 100. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2012, uliowahusu watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64, ulikuta takriban 9 katika kila 100. Msomaji mwangalifu ataona kwamba hesabu hizi mbili hazilingani moja kwa moja, kwa kuwa ya kwanza ilihusu vijiji tu na umri wa waliopimwa ulikuwa tofauti. Pamoja na hayo, tofauti yenyewe ni kubwa mno kupuuzwa.

Mmea uliozaa dawa

Katika nchi za Ulaya huota mmea mfupi wa jamii ya mikunde, wenye maua meupe yenye kuelekea rangi ya zambarau. Wataalamu huuita Galega officinalis. Kwa karne nyingi wanavijiji walioufahamu waliutumia kwa homa, kwa minyoo, na kwa kuongeza maziwa ya mifugo. Lakini wachungaji walijua pia kwamba kondoo akiula kwa wingi hufa. Huko Marekani, ambako uliletwa mwaka 1891 uwe malisho, leo unahesabiwa miongoni mwa magugu hatari.

Wanakemia walipouchunguza walikuta una viini vya jamii ya guanidini. Mwaka 1918 ilionekana kwamba guanidini hushusha sukari katika damu ya wanyama. Habari hiyo ilileta matumaini makubwa, ila kasoro ilikuwa moja: guanidini yenyewe ni sumu. Katika miaka ya 1920 kiini kingine cha mmea huo, galegini, kilijaribiwa kwa wagonjwa, lakini nguvu yake haikudumu. Dawa nyingine za jamii hiyo zilizotengenezwa katika maabara ziliachwa baada ya kuonekana zinadhuru mwili.

Mwaka 1922 wanakemia wawili wa Dublin, Emil Werner na James Bell, walitengeneza kiini cha jamii hiyohiyo, ambacho leo kinaitwa metformini. Miaka michache baadaye kilionekana kushusha sukari ya wanyama wa maabara. Lakini wakati huo insulini ilikuwa imekwisha kugunduliwa, na macho yote yalielekezwa huko. Metformini ilikaa karibu imesahauliwa hadi mwaka 1957, pale tabibu Mfaransa Jean Sterne alipochapisha matokeo ya kuitumia kwa wagonjwa wa kisukari.

Safari haikuishia hapo. Ndugu yake mmoja, fenformini, alitumiwa sana mpaka ilipobainika kwamba aliweza kusababisha asidi kuzidi katika damu na kuua. Marekani iliiondoa dawa hiyo mwaka 1977. Metformini nayo ilitazamwa kwa mashaka, ikachunguzwa upya kwa miaka mingi, na Marekani haikuiruhusu hadi mwishoni mwa mwaka 1994. Leo ni miongoni mwa dawa za kisukari cha aina ya pili zinazotumiwa zaidi duniani, nayo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kazi yake kubwa ni kulizuia ini lisimwage sukari nyingi katika damu, ingawa wataalamu bado wanachunguza namna kamili inavyoitenda kazi hiyo.

Funzo la historia hii liko wazi. Mmea ulitoa fununu, haukutoa dawa iliyo tayari. Kutoka majani yaliyoua kondoo hadi kidonge kinachoaminika ilipita miaka mingi ya kutenga viini, kuvibadili, kuvipima na kuvikataa vile vilivyodhuru.

Misuli hufanyaje kazi ya dawa?

Tuyatazame sasa mazoezi. Mtu anapotembea kwa haraka, kulima au kuendesha baiskeli, misuli hukunjuka na kukunjika, nayo huhitaji nguvu. Ndani ya seli za misuli kuna protini maalumu zinazobeba glukosi. Kwa kawaida protini hizo hukaa ndani ya seli zikingoja amri ya insulini ndipo zisogee kwenye utando wa nje na kuipokea sukari. Lakini kazi ya misuli yenyewe huzisogeza protini hizo hata bila ya insulini. Hivyo basi, kwa mtu ambaye seli zake zimekuwa ngumu kuitikia insulini, mazoezi hufungua mlango wa pili.

Zaidi ya hayo, baada ya mazoezi misuli huendelea kuitikia insulini vizuri zaidi kwa saa nyingi, pengine hata siku moja au mbili. Baada ya hapo athari hiyo hufifia. Ndiyo maana mazoezi, kama dawa, yana kipimo na ratiba, na anayefanya kazi ngumu siku moja kisha akapumzika wiki nzima hatapata faida ileile.

Jaribio lililopima vyote viwili

Mwaka 1996 ulianza nchini Marekani mradi wa utafiti katika vituo 27. Watu wazima 3,234 walishiriki. Wote walikuwa na uzito uliozidi na sukari iliyopanda, ila hawajafikia kiwango cha kuitwa wagonjwa wa kisukari. Waligawanywa kwa bahati nasibu, ili makundi yafanane kwa umri, uzito na mengineyo.

Kundi la kwanza lilipewa vidonge visivyo na dawa yoyote ndani yake. Kundi la pili lilipewa metformini, miligramu 850 mara mbili kwa siku. Kundi la tatu halikupewa vidonge. Lilifundishwa kupunguza mafuta na wingi wa chakula, kupunguza uzito kwa asilimia 7, na kufanya mazoezi ya kadiri, hasa kutembea kwa haraka, kwa dakika zisizopungua 150 kila wiki.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2002. Kwa makadirio ya miaka mitatu, katika kila watu 100 waliopata kisukari walikuwa hivi:

Kundi la vidonge vitupu: 29.
Kundi la metformini: 22.
Kundi la chakula na mazoezi: 14.

Hesabu hizi zinafaa kutafakariwa kwa makini. Metformini iliwaokoa watu 7 katika kila 100, maana yake ni kwamba yapasa kuwapa dawa watu 14 ili mmoja anusurike. Chakula na mazoezi viliwaokoa watu 15 katika kila 100, yaani mmoja katika kila 7. Dawa ilifaa, lakini miguu na sufuria vilifaa zaidi. Wakati huohuo tusisahau wale 14 waliopata kisukari ingawa walikuwa katika kundi la mazoezi. Tiba hii hupunguza hatari, haiondoi yote. Si haki, basi, kumlaumu kila mgonjwa kwamba ameugua kwa uvivu.

Hapa mwanafunzi makini atauliza: Kundi la tatu lilibadili chakula na pia lilifanya mazoezi. Tutajuaje ni kipi kilichosaidia? Swali hilo ni sahihi kabisa, na jaribio lile haliwezi kulijibu. Lakini jaribio lililoanza mwaka 1986 katika mji wa Da Qing, Uchina, lilikuwa limeyatenganisha. Watu 577 walifuatwa kwa miaka sita. Miongoni mwa wasiofundishwa lolote maalumu, takriban 68 katika kila 100 walipata kisukari. Waliobadili chakula tu walikuwa 44, waliofanya mazoezi tu 41, na waliofanya yote mawili 46. Hesabu tatu za mwisho hazikutofautiana kiasi cha kusema kwamba njia moja inaishinda nyingine, lakini zote zilikuwa chini sana kuliko ile ya kwanza. Kwa hiyo mazoezi peke yake yana nguvu yake.

Na dawa zetu za asili je?

Katika nchi yetu watu wengi wenye kisukari hutumia majani ya mlonge, mwarobaini, au tunda chungu la karela. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walipanga foleni Samunge, Loliondo, ili wanywe kikombe cha mizizi ya mugariga, kilichosemwa kuwa kinatibu magonjwa sugu, kisukari kikiwamo. Ushuhuda wa mnywaji mmoja mmoja, hata ukitolewa kwa moyo mweupe, hauwezi kufanya kazi ya jaribio. Sukari ya damu hupanda na kushuka yenyewe. Mgonjwa aliyetembea safari ndefu na kula kidogo njiani huenda akaishusha kabla hajafika kwenye kikombe. Bila ya kundi la kulinganishia hatujui ni nini kilichoishusha.

Taifa halikuliacha jambo hili bila chombo cha kulishughulikia. Kitengo cha utafiti wa dawa za asili kiliundwa Muhimbili mwaka 1974, kikawa taasisi kamili mwaka 1991, na mwaka 2002 ilitungwa sheria ya tiba asili na tiba mbadala. Mmea unaodaiwa kutibu hupitia hatua zinazofuatana: kuutambua kwa jina lake la kitaalamu, kutenga viini vyake, kupima usumu wake, kuwajaribia wanyama, na hatimaye kuwajaribia wagonjwa waliokubali kwa hiari yao. Mimea mingi hukwama njiani, na kukwama huko si fedheha. Galega wenyewe ulikwama, na metformini ikapatikana kwa kufuata fununu yake.

Tahadhari kwa msomaji

Iwapo mzazi au jirani anatumia dawa za kisukari, asiziache kwa sababu ameanza kunywa majani au kutembea asubuhi. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza akiacha insulini anaweza kufa katika muda mfupi. Kadhalika, majani yanayoshusha sukari yakichanganywa na vidonge au sindano, sukari yaweza kushuka kupita kiasi. Dalili zake ni jasho, kutetemeka na kuchanganyikiwa, na mgonjwa anayeweza kumeza apewe upesi kitu chenye sukari. Mwenye kutumia insulini aongee na mganga wa zahanati kabla ya kuongeza mazoezi, avae viatu, na achunguze nyayo zake kila siku. La muhimu kuliko yote ni kumweleza mganga kila anachokunywa, pasipo kuona haya.

Zoezi la darasani

Walimu wanaweza kuwapa wanafunzi swali hili: Kijijini inasemwa kwamba chai ya mlonge hushusha sukari. Pangeni jaribio la kulithibitisha au kulikanusha dai hilo. Nani watashiriki, nao watakubali vipi? Watagawanywaje? Kundi la pili litakunywa nini? Sukari itapimwa saa ngapi, na kwa muda gani? Mtafanya nini iwapo washiriki watabadili chakula au kuanza kutembea? Na ni matokeo gani yatakayowafanya mkiri kwamba dai si la kweli?

Mwanafunzi atakayelijibu swali hilo la mwisho kwa uaminifu atakuwa ameuelewa msingi wa utafiti wote wa tiba. Jioni hiyohiyo, akirudi nyumbani, anaweza kumwalika mzazi wake watembee pamoja kwa nusu saa, kwa mwendo ambao mtu huweza kuzungumza lakini hawezi kuimba. Wakifanya hivyo siku tano za wiki, watatimiza dakika 150.